Mauaji ya Watu-Simba wa Singida na Taabu ya Kupata Haki

Katika mji wa Singida iko kata iitwayo Utemini. Jina hilo lajieleza lenyewe: ni neno utemi, lililotiwa mwishoni kiambishi cha mahali. Mgeni alisikiapo hudhani kuwa nchi hii ilikuwa chini ya watemi tangu zama za kale, kama zilivyokuwa nchi za Unyamwezi na Usukuma. Mambo hayakuwa hivyo. Wanyaturu, ambao kwa lugha yao hujiita Arimi, waliishi vizazi vingi bila ya mtu mmoja aliyewatawala wote. Mashauri yao yaliamuliwa na wazee, na nguvu ya uamuzi haikuwa pingu wala gereza. Ilikuwa haya mbele ya watu, fidia ya mifugo na hofu ya laana. Utemi wenye kiti, karani, tarishi na daftari la kodi ulisimamishwa juu yao na serikali za wageni, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza.

Habari hii ya asili ya utemi ingeweza kuonekana ndogo, lau si msiba ulioipata wilaya ya Singida baina ya mwaka 1946 na 1948. Katika miaka hiyo watu wengi waliuawa, na maiti zao zikaonekana kana kwamba zimeraruliwa na simba. Swali lililozuka halikuwa la nani ameua peke yake. Lilikuwapo swali la pili, gumu kuliko la kwanza: ni nani awezaye kumjua mwuaji, na akisha mjua, atamfikishaje mbele ya haki bila ya kutenda dhuluma nyingine? Msiba huo umebaki katika historia kwa jina la mauaji ya watu-simba.

Ili kuufahamu msiba huo yafaa kwanza kuyatazama maisha ya watu yalivyokuwa kabla hawajafikwa na hofu. Kaya ya Mnyaturu ilikuwa na nyumba za wake, na kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na fungu lake la mifugo. Ardhi ya huko haina rutuba nyingi, na mvua zake ni chache tena hazina ahadi. Mtama na uwele havikustawi vema ila kwa samadi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe alipata samadi, mwenye samadi alipata nafaka, na mwenye nafaka aliweza kupata ng'ombe zaidi. Mahari ililipwa kwa mifugo, na madeni vivyo hivyo. Basi zizi halikuwa mahali pa kulaza wanyama tu. Lilikuwa hazina ya ukoo, na mlango wa ndoa.

Mpango huo ulikuwa na uzuri wake, walakini ulikuwa pia na miiba yake. Watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali walitazamana kwa jicho la urithi, kwa kuwa mali ya nyumba moja haikuwa mali ya nyumba nyingine. Mjane asiye na mwana mkubwa aliweza kuzungukwa na mashemeji waliohesabu ng'ombe zake kabla machozi yake hayajakauka. Jirani aliyevuna vizuri katika mwaka wa njaa alisifiwa hadharani na kushukiwa faraghani. Ugomvi wa namna hiyo uko katika kila nchi ya wakulima na wafugaji, wala si aibu ya Wanyaturu peke yao. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ulikuwa ugomvi wa watu waliofahamiana sana: walichota maji mahali pamoja, walizikana, walioana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Juu ya hayo ulikuja uzito wa nyakati. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Vijana wengi wa mikoa ya kati walikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge; wengine walichukuliwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia; na mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga ulipoanzishwa Kongwa, kazi ya ujira ilisogea karibu zaidi. Katika kaya nyingi waliobaki ni wazee, wanawake na watoto. Hao ndio waliokwenda kuni, hao ndio waliochunga, hao ndio waliopita katika vijia vyembamba vya mashamba wakati mtama umekwisha kukua kupita kimo cha mtu.

Mtu asidhani kuwa hofu ya simba ilikuwa upuuzi. Simba walikuwapo, na walikula watu. Katika wilaya ya Njombe, kusini mwa Tanganyika, simba walikuwa wakiua watu kwa miaka mingi, mpaka bwana nyama mmoja, George Rushby, alipopewa kazi ya kuwasaka katika miaka ya 1940. Hata huko, ambako wauaji walikuwa simba wa kweli wenye manyoya na meno, wananchi wengi waliamini kuwa simba hao hawakuja wenyewe bali walitumwa na mganga. Njombe palikuwa na simba, na watu wakasema nyuma yao yupo mtu. Singida mambo yaligeuka: serikali ilianza kwa kudhani kuwa ni simba, ikaishia kusema kuwa ni watu.

Habari za aina hiyo hazikuwa ngeni katika Singida. Zilikwisha sikika huko karibu na mwaka 1920. Zilipozuka tena mwaka 1946, maiti za kwanza zilihesabiwa kuwa za watu walioliwa na simba. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya majeraha yalifanana zaidi na kazi ya kisu kuliko kazi ya ukucha. Polisi wakaongezwa, upelelezi ukafanywa, na watu wakakamatwa, wanaume kwa wanawake. Baadhi yao walishtakiwa mbele ya Mahakama Kuu kwa kosa la kuua kwa kusudi, wakahukumiwa kifo na kunyongwa.

Katika kusimulia mambo hayo Wanyaturu walikuwa na neno lao, mbojo. Kwa itikadi iliyokuwako, mbojo alikuwa simba asiye simba kamili, kiumbe aliye chini ya amri ya mchawi, naye alitumwa kuua kama mtu atumavyo mbwa wake kuwinda. Masimulizi yaliyoandikwa na wageni yalilitia neno hilo maana nyingine iliyo ya kutisha zaidi: kwamba mbojo alikuwa mtu, aghalabu kijana, aliyefichwa na wenye kumiliki, akavikwa ngozi, akapewa silaha za mfano wa makucha, na kukodishwa kwa mwenye kisasi. Ikiwa masimulizi hayo ni kweli, basi kijana huyo alikuwa mwuaji na aliyedhulumiwa kwa wakati mmoja. Mkono wake ulimwaga damu, lakini mkono huo ulikwisha kuibwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo ilipokuwa taabu ya haki. Mwuaji wa kawaida huacha nyuma yake sababu ionekanayo: wivu, wizi, ulevi au deni. Mauaji ya Singida yalivikwa ngozi ya mnyama ili sababu isionekane. Ndugu wa marehemu walipoitwa kuueleza msiba wao walisema, simba. Walisema hivyo pengine kwa kuamini, pengine kwa kuogopa, na pengine kwa yote mawili. Mtu aliyetaja jina la jirani yake alijua kwamba askari wangeondoka jioni, na yeye na wanawe wangelala palepale. Simba mwenda pole ndiye mla nyama; na katika kijiji kilichotiwa hofu hakuna aendaye pole kuliko yule anayekuja matangani kuwapa pole wafiwa.

Wengine wameuita ukimya huo ujinga, na wengine wameuita ushirika katika uovu. Hukumu zote mbili ni nyepesi mno. Mtu hutoa ushahidi pale anapotumaini kwamba baada ya kusema atalindwa. Utemi wa kikoloni ulikuwa karibu na watu kwa kodi na kwa amri za kazi, lakini kwa ulinzi wa usiku ulikuwa mbali. Tena mtemi alikuwa mtumishi wa serikali aliyeweza kuondolewa kazini, naye aliishi miongoni mwa watu walewale. Kama alijua, alikuwa na sababu za kunyamaza. Na kama hakujua, hakuwa na njia ya kuambiwa.

Sheria nayo ilikuwa na milango yake, na si kila mlango ulifunguka kwa kila ufunguo. Baraza la mtemi liliweza kusikiliza madai ya mahari, ya mifugo na makosa madogo. Kesi ya mauaji haikuwa yake. Palikuwa pia na sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928. Sheria hiyo ilimwadhibu mwenye kujidai uchawi kwa nia ya kudhuru, ikamwadhibu pia mwenye kumsingizia mwenzake uchawi, na ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu aliyeshukiwa akakae mahali pengine. Kwa hiyo mwanakijiji aliyesema mbele ya watu, fulani ndiye mwenye mbojo, aliweza kwa maneno hayo kujitia mwenyewe hatiani. Aliyeogopa mchawi kwa upande mmoja aliogopa sheria kwa upande wa pili. Basi alifunga kinywa chake.

Shauri lilipofika Mahakama Kuu lilikutana na shida nyingine. Jaji alisikiliza kwa Kiingereza. Shahidi asiyejua ila Kinyaturu alisema kwa Kinyaturu. Maneno yake yakageuzwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kikageuzwa Kiingereza. Neno kama mbojo lilivuka mito miwili kabla ya kumfikia mwenye kuandika hukumu, na kila mto ulichukua kitu. Wazee wa baraza walikaa pamoja na jaji na kutoa maoni yao juu ya desturi na juu ya hatia, lakini maoni hayo hayakumfunga. Mshtakiwa wa Kiafrika katika Tanganyika hakuhukumiwa na jopo la wenzake kama alivyohukumiwa mtu wa Uingereza nyumbani kwake.

Hata hivyo lipo jambo moja la kuisifu sheria ya siku hizo. Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi, iliyotumika Tanganyika, ilikataza ungamo alilolitoa mtu mbele ya polisi lisitumiwe dhidi yake. Waliotunga kanuni hiyo walijua kuwa mtu aliye mikononi mwa askari huweza kukiri hata asilolitenda. Katika kesi ambazo mashahidi wamefungwa ndimi na hofu, ungamo huwa ndiyo njia fupi ya upelelezi. Na njia fupi ndiyo yenye mashimo. Haki ilihitaji ushahidi uliosimama kwa miguu yake, na ushahidi wa namna hiyo ndio uliokuwa adimu Singida.

Yafaa mambo ya Singida yalinganishwe na ya kwingine, ili isidhaniwe kuwa taabu hii ilikuwa ya wilaya moja. Mwaka 1931, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, mwanamke wa Kikamba aitwaye Mwaiki aliuawa na kundi la watu waliomshutumu kwa uchawi. Washtakiwa walikuwa 70, na mwaka 1932 mahakama iliwahukumu kifo watu 60 miongoni mwao, ingawa adhabu hiyo baadaye ilipunguzwa. Wao hawakuficha tendo lao: walidhani wametekeleza hukumu halali ya jamii. Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene wa Uganda, watu walimwua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi katika maskani yao, wakaamini kuwa amekuja kuroga. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona kuwa walichokozwa vikali, ikalihesabu kosa lao kuwa ni kuua bila ya kukusudia.

Mifano hiyo miwili ni kinyume cha mambo ya Singida, na kwa hiyo inayaangaza. Machakos na Uganda waliouawa ni watu walioshukiwa kuwa wachawi, na waliowaua walisema waziwazi. Singida waliouawa walisemwa kuwa ni mawindo ya wachawi, na hakuna aliyesema. Huko mahakama iliulizwa kama itikadi yaweza kupunguza hatia. Singida mahakama ilitakiwa kuipasua itikadi ili imwone mwenye kujificha ndani yake. Mbali zaidi, katika jimbo la Calabar nchini Nigeria, baina ya mwaka 1945 na 1948, palikuwa na mauaji yaliyoitwa ya watu-chui, na zaidi ya watu 70 walinyongwa. Huko nako walikuwapo waliosema kuwa chui wa kweli walikuwa na sehemu yao katika vifo hivyo. Yaonekana kuwa pale serikali iliyo mbali inapokutana na maiti isiyo na shahidi, kishawishi cha kufunga daftari haraka huwa kikubwa.

Kunyongwa kwa waliohukumiwa Singida kulikomesha kesi, lakini hakukumaliza swali. Mwaka 1950 A. W. Wyatt aliandika juu ya watu-simba wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaelimu wa Marekani aliyekuwa amekaa na Wanyaturu, aliliandikia jarida hilohilo akiitaka habari hiyo ipimwe upya. Neno upya lina uzito wake. Miaka kumi na kitu baada ya hukumu, wenye elimu walikuwa bado wanapima mangapi yalikuwa mauaji, mangapi yalikuwa simba, na mangapi yalikuwa maneno ya watu waliotishika. Mwanafunzi wa historia anaweza kuvumilia shaka ya namna hiyo. Anaweza kuiacha sentensi yake nusu wazi. Jaji hakuweza. Yeye alitakiwa aseme ndiyo au siyo, na ndiyo yake ilikuwa kitanzi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 mambo mengi yalibadilishwa. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuziunganisha mahakama zote katika mpango mmoja, ili mwananchi wa kijijini na mkazi wa mji wawe chini ya hakimu mmoja na sheria moja. Lilikuwa jambo la haki, na waliolifanya wanastahili shukrani. Walakini hofu haifutwi kwa sheria ya Bunge, na kishawishi cha njia fupi hakikuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza.

Hilo lilionekana mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, iliyo kaskazini-magharibi ya Singida. Huko nako watu walikuwa wakiuawa kwa ajili ya mambo ya uchawi, na mashahidi hawakupatikana. Vyombo vya serikali vilikamata watu wengi na kuwahoji kwa mateso, hata baadhi yao wakafa. Mauaji yaliyotakiwa kukomeshwa yaliongezewa mauaji mengine, na safari hii mwenye kuua alikuwa amevaa sare. Mapema mwaka 1977 viongozi waliohusika kwa dhamana ya vyeo vyao walijiuzulu, miongoni mwao Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakushika fimbo kwa mkono wake. Baadaye akawa Rais wa nchi kuanzia mwaka 1985 hadi 1995. Kujiuzulu huko hukumbukwa hata leo kama mfano wa uwajibikaji, na ni haki kikumbukwe hivyo. Lakini wasisahauliwe waliofia mikononi mwa wahoji. Ajabu ya historia ni kwamba mwaka 1980 sheria ya ushahidi ilirekebishwa, na ungamo lililotolewa kwa polisi kwa hiari likakubaliwa mahakamani. Tangu hapo mzigo wote umekaa juu ya neno moja, hiari, nalo ni neno ambalo hupimwa ndani ya chumba kisicho na mashahidi.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, Singida ya mwaka 1947 na Usukuma ya mwaka 1976, funzo lake huonekana. Uovu wa siri husitawi pale mnyonge anaponyamaza, naye hunyamaza kwa sababu amepima akaona kuwa kusema ni hatari kuliko kukaa kimya. Serikali inayotaka kusikia inayo njia mbili. Yaweza kumlazimisha aseme, nayo itapata maneno mengi na ukweli kidogo. Au yaweza kumpa sababu ya kusema: ulinzi wa kweli baada ya ushahidi, hakimu aliye karibu, mirathi ya mjane iliyolindwa kabla haijawa chanzo cha damu, na lugha anayoifahamu. Njia ya pili ni ndefu na ina gharama, na matunda yake hayaonekani katika taarifa ya mwezi.

Katika jambo la lugha walau hatua imepigwa. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu zilipoundwa, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama na ya sheria za nchi. Kwa mtoto wa Singida aliyekua na Kinyaturu nyumbani na Kiswahili shuleni, mto mmoja kati ya ile miwili umekauka. Wa pili bado upo, kwa bibi mzee asiyejua ila lugha ya mama yake, na hakimu mwenye busara huusikia mngurumo wake.

Kata ya Utemini leo haina mtemi. Jina limebaki baada ya enzi kuondoka. Waliouawa katika miaka ile hawakuacha majina mengi katika vitabu, na walionyongwa vivyo hivyo. Na kama miongoni mwa walionyongwa alikuwamo asiye na hatia, hakuna tena wa kumwuliza. Iliyobaki ni deni, na deni hilo halilipwi kwa kuwacheka waliosema simba. Hulipwa kwa kuuliza, kila maiti isiyo na shahidi inapoletwa mbele ya wakuu, ni nani katika kijiji hicho anayejua na hajapata mahali pa kusemea.